Bei ya Alhamisi

Sehemu ya Tisa

Siku saba nimelishikilia panga lile hewani, nanyi wasomaji mmenitukana vya kutosha. Haya. Sasa linashuka.

"Ngoja!" Germana alipiga kelele.

Panga likasimama shubiri moja juu ya mkono wake.

Aliyelishika ni Josephati, dereva wa lori, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Aligeuka kumtazama bosi wake. Nikate, nisikate?

Bosi ni Clemensi, mwenye ghala hili la vitunguu hapa Mang'ola. Alikuwa ameketi juu ya gunia, jasho likimtoka. Saa sita mchana, mabati yanawaka moto. Wapakiaji wote wamefukuzwa, mlango wa mbele umetiwa komeo. Mikono miwili ya Germana imefungwa kwa kamba ya katani juu ya bamba la mizani ya magunia.

Kosa lake? Mistari miwili.

Germana ni mjane wa Endabash, miaka thelathini na mmoja. Miaka minane aliandika mvua kwenye shamba la kahawa huko juu Karatu. Pale alijifunza kwamba mvua ya siku moja hudanganya. Lakini jumlisha mvua ya siku tano, ugawe kwa tano, uweke nukta, kesho ufanye tena, nukta zikifuatana zitakuambia msimu unaelekea wapi.

Clemensi alipogundua kipaji hicho alimtoa kwenye mvua, akamtia kwenye pesa. Shilingi ya Kenya, ile inayouzwa kwa kificho. Kila siku bei ya Loliondo inaandikwa. Wastani wa siku tano ni mstari mwekundu. Wastani wa siku ishirini ni mstari wa bluu. Mwekundu ukipanda juu ya bluu, bei inakwea: nunua. Mwekundu ukizama chini ya bluu: uza, ukimbie.

Mwaka mzima mistari ile ilimtajirisha Clemensi. Wiki iliyopita ikamfilisi.

"Mistari yako ilisema nunua," Clemensi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Nikauza malori mawili. Nikauza shamba la marehemu baba yangu. Nikanunua laki nne za Kenya, kila shilingi moja kwa nne na senti thelathini za kwetu. Jana mtu wa Arusha ananiambia tatu. Tatu, Germana! Na anacheka!"

"Mzee, nipe daftari."

"Nikupe nini?"

"Daftari langu na penseli. Ukishaona nitakachokuonyesha, kata. Kata yote miwili."

"Bosi, anatupotezea muda," Josephati alisema. "Lori limeshapakiwa. Tumalize twende."

Clemensi alikuwa na hasira, lakini kabla ya hasira alikuwa mfanyabiashara.

"Mfungue mkono wa kulia."

"Bosi..."

"Nimesema mfungue!"

Kamba ya kulia ikalegezwa. Daftari la mistari ya miraba likatupwa mbele ya Germana. Mkono wa kushoto ulibaki pale pale kwenye bamba, na Josephati alibaki pale pale na panga lake.

Germana alifungua ukurasa wa mwisho. Wiki mbili alikuwa akiitazama mistari tu. Sasa, na kifo kikimpumulia kisogoni, alizitazama tarakimu zenyewe.

Tatu na senti ishirini. Tatu na thelathini. Tatu na arobaini. Tatu na nusu.



"Mzee, mnada wa ng'ombe Loliondo ni siku gani?"

"Alhamisi. Nani asiyejua?"

"Siku ya mnada bei ya shilingi ya Kenya inakuwaje?"

"Inashuka. Wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka wanaleta noti zao, wafugaji wanazo mkononi, wote wanataka za kwetu wanunue unga na shuka. Kila Alhamisi inashuka. Unanifundisha kazi yangu?"

"Tazama." Penseli yake ilirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa. "Hii Alhamisi, imeshuka. Hii, imeshuka. Hii, imeshuka senti ishirini na tano. Hizi zote aliandika Metui, mtu wetu wa Loliondo, akiwa amesimama mnadani. Sasa tazama Alhamisi hizi mbili za mwisho."

Clemensi aliinuka kutoka kwenye gunia. Akainama juu ya daftari. Midomo yake ilikuwa ikisoma kimya kimya.

"Imepanda," alisema.

"Senti kumi. Na Jumatano yake senti kumi. Na Ijumaa yake senti kumi. Siku kumi na mbili, senti kumi kila siku. Mzee, bei ya soko ni mbuzi, inarukaruka. Hii ni ngazi. Kuna mtu amekaa mahali akaijenga."

 Nje, upepo wa Ziwa Eyasi ulikuwa ukisukuma vumbi kwenye kuta.

Clemensi hakuinua kichwa. "Josephati. Ulisema Metui anaumwa malaria."

"Ndiyo, bosi."

"Bei za siku kumi na mbili ukamsomea huyu mama wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Karatasi ya Metui iko wapi?"

"Ililowa, bosi. Mvua."

"Mvua ipi? Hapajanyesha tangu mwezi wa tano."

Josephati alilikaza panga mkononi.

"Na wale watu walioniuzia laki nne," Clemensi aliendelea, sasa akiinua kichwa, "ni nani aliyeniletea?"

Jibu lilitolewa na panga.

Halikumlenga Clemensi. Lilimlenga yule anayejua kusoma. Germana aliliona likija, akajirusha nyuma kwa nguvu zake zote. Shingo ikapona. Mkono wa kushoto, uliofungwa kwenye bamba, haukuwa na pa kwenda.

Chuma kililia juu ya chuma.

Mwanzoni hakusikia maumivu. Aliona tu vidole viwili, kidogo na cha pete, vimebaki juu ya mizani kama vitu vya mtu mwingine. Kisha maumivu yakafika.

"Aayo!" alilia kwa lugha ya kwao, akimwita mama yake aliyekufa zamani. "Aayo wee!"

Panga lile lile lililochukua vidole lilikuwa limekata na kamba. Germana akaanguka chini akiwa huru.

Clemensi hakuwa mtu mwema, lakini hakuwa mwoga. Alinyakua jiwe la mizani la kilo kumi, akamtwanga nalo Josephati kifuani. Mbavu zikalia. Josephati akarudi hatua tatu, akajikwaa, akainuka. Clemensi akamfuata.

"Nimekulisha miaka kumi na saba!"

"Ulinilisha makombo!"

Jiwe likainuka tena. Panga likawahi. Pigo la kwanza lilizama begani. Jiwe likamponyoka Clemensi, likavunja sakafu. Pigo la pili lilikwenda shingoni.

Clemensi alikaa juu ya chungu ya vitunguu taratibu, kama mtu aliyechoka. Alijishika koo kwa mikono miwili. Damu ilipita katikati ya vidole vyake, na vitunguu vikaanza kuporomoka chini yake, kimoja kimoja, vikabingirika hadi miguuni kwa Germana. Alitaka kusema neno. Hakulimaliza.

Josephati akafuta uso kwa mkono wa shati. Akageuka.

"Sasa wewe."

Germana alikuwa akitambaa kati ya magunia, mkono umebanwa kwapani, nyuma yake mstari wa damu. Kukimbia hawezi. Mlango wa mbele una komeo. Mlango wa nyuma uko hatua kumi, na hatua kumi ni safari ya kwenda Arusha kwa mtu anayetambaa.

Kiatu kikamkanyaga mgongoni.

Penseli bado ilikuwa mkononi. Germana alijipindua, akaichomeka kwenye paja la Josephati, juu ya goti, akaisukuma mpaka ikavunjika ndani ya nyama.

Josephati alinguruma kama fahali. Akampiga teke la ubavu. Akainua panga kwa mikono miwili.

Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo.

Aliyeingia ni mwanamke mrefu, shuka nyekundu begani, shanga shingoni, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hakuuliza kitu. Ukutani palikuwa na mtaimbo wa kufungulia makreti. Akauchukua kama mtu achukuavyo mwiko jikoni kwake, akampiga nao Josephati kisogoni.

Panga lilianguka kwanza. Mtu akafuata.

Mwanamke yule alilipiga panga teke likaenda mbali, akachuchumaa.

"Wewe ndiye Germana?"

Germana aliweza kuitikia kwa kichwa tu.

"Mimi Nasha. Natoka Sale, huko Loliondo. Metui ni ndugu yangu, tumbo moja." Alikuwa tayari anachana khanga ya Germana kwa meno. "Minada miwili hajaonekana. Watu wa lori la ngozi wananiambia alipanda gari ya huyu. Ndiyo nikaja. Leta mkono. Usiangalie, wifi."

Wifi!

Tangu mumewe afe, hakuna mtu aliyemwita hivyo. Metui na Germana walikuwa wameahidiana kuoana baada ya Krismasi, kwa siri, kwa sababu jamaa wa kila upande wangepiga kelele. Kumbe Metui alikuwa amemwambia dada yake. Kati ya maumivu yale, mbele ya maiti ya Clemensi, Germana alilia kwa ajili ya neno hilo moja.

Nasha alifunga kitambaa, akakaza kwa fundo. Kisha akamfunga Josephati mikono kwa kamba ya katani, akammwagia ndoo ya maji usoni.

Josephati akafungua macho. Kitu cha kwanza alichoona ni panga lake mwenyewe.

"Metui iko wapi?" Nasha aliuliza.

"Sijui."

Nasha hakurudia swali. Alimshika sikio la kushoto, akalikata nusu, kama anayekata kona ya gunia. Josephati alipiga ukelele uliowaamsha popo kwenye paa.

"Bado una lingine. Na mimi sina haraka. Metui iko wapi?"

"Mzima! Yuko mzima, naapa! Yuko Endabash, kwenye ile nyumba ya zamani ya mlowezi wa Kijerumani. Nimemwachia mlinzi!"

Germana alijikokota mpaka karibu.

"Kwa nini hukumwua?" aliuliza. Sauti yake mwenyewe hakuitambua. "Ulikuwa umeshabuni bei zako. Metui wa nini tena?"

Josephati alimtazama kwa mshangao wa kweli, damu ikimtiririka shingoni.

"Nibuni mimi? Mimi niliishia darasa la tatu! Najua nini kuhusu nukta zenu? Nilimwekea bunduki kichwani, nikamwambia, andika bei zinazopanda, mpaka ule mstari mwekundu uvuke. Akaandika. Mimi nilisoma tu alichoandika. Zile bei ni za Metui."

Germana alikaa chini.

Metui alikulia kwenye mnada ule. Metui aliyemfundisha yeye kwamba Alhamisi bei huanguka. Metui ambaye alasiri moja Karatu, chini ya kibaraza cha duka la mafuta, Germana alimwonyesha namna ya kujumlisha na kugawa, naye akacheka akasema, "Kwa hiyo nikikosea hata senti, utajua?" Akamjibu, "Nitajua."

Mtu huyo hakuweza kusahau Alhamisi mbili. Hakuweza kupandisha senti kumi, senti kumi, siku kumi na mbili kama mtoto wa chekechea. Ngazi ile aliijenga makusudi, mbovu kiasi kwamba mtu mmoja tu duniani angeishtukia.

Alikuwa anamwita.

Naye Germana, kwa haraka za Clemensi, alijumlisha, akagawa, akachora mstari mwekundu juu ya mwito ule.

"Inuka," alimwambia Josephati. "Utatupeleka."

Lori lilikuwa nje, limepakiwa vitunguu. Chini ya vitunguu, katika magunia sita, zilikuwamo zile laki nne za Kenya za marehemu Clemensi. Josephati aliendesha kwa mikono iliyofunguliwa na shingo iliyowekewa panga. Nasha alikaa katikati, ubapa wa panga begani kwa dereva. Kila shimo la barabara lilimchora Josephati mstari mpya chini ya sikio.

"Punguza kutetemeka," Josephati aliomba.

"Punguza mashimo," Nasha alimjibu.

Germana alikaa dirishani akiwa amekumbatia mkono wake. Kitambaa kilikuwa kimelowa mpaka kiwiko. Hakulalamika. Alikuwa akihesabu siku. Siku ya kwanza Metui ameandika tatu na ishirini, akasubiri. Siku tano. Siku saba. Kila asubuhi labda amesikiliza kama kuna gari. Kila asubuhi Germana amekunywa chai yake, akachonga penseli.

Walifika saa tisa. Nyumba ya mlowezi ilikuwa peke yake juu ya kilima, mabati yameng'olewa nusu, mikahawa iliyozeeka imeizunguka.

"Nisimamishe hapa mteremkoni," Josephati alisema. "Betri imekufa. Tukisimama tambarare hatutoki tena."

Hapo alisema kweli. Nasha alimpandisha nyuma, akamfunga mikono na miguu kwenye vyuma vya bodi, juu ya magunia.

"Ukipiga kelele nitarudi kuchukua sikio la pili."

Wakaenda, wanawake wawili, panga moja. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi.

Ndani palinuka mkojo na damu. Mtu alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Nasha alitoa sauti ambayo haikuwa neno la lugha yoyote. Akapiga magoti. Akamgeuza.

Hakuwa Metui.

Alikuwa mlinzi. Macho yamemtoka, ulimi umevimba. Kamba iliyopaswa kumfunga mfungwa sasa ilikuwa imezunguka shingo yake mara tatu. Germana alimgusa shavu. Bado lilikuwa na joto.

"Amejifungua!" Nasha alinong'ona, kisha akacheka kwa sauti, machozi yakimtoka. "Wifi, amejifungua mwenyewe! Bunduki ya huyu haipo. Metui anayo! Hayuko mbali!"

Nje, breki ya mkono ikalia.

Walitazamana. Wakakimbia.

Lori lilikuwa limeanza kuteremka, kimya bado, likijivuta lenyewe kwa uzito wa vitunguu. Juu ya magunia Josephati alikuwa akijinyonganyonga na kupiga mayowe. Kwenye usukani alikuwapo mtu mwembamba, ndevu za wiki mbili, jicho moja limevimba, bunduki imeegemezwa dirishani.

"Metui!" Nasha aliita. "Metui oi! Ni mimi!"

Mtu yule hakugeuza kichwa.

Germana alikatisha kati ya mikahawa. Njia ilipinda pale chini, na yeye alipita mkato. Akatoka mbele ya lori, akasimama katikati ya njia, akainua juu mkono uliofungwa khanga, damu ikimtiririka mpaka kwapani.

"Metui! Niliona! Nimechelewa, lakini niliona!"

Hatua arobaini. Thelathini.

Metui akamwona. Hilo halina shaka, wasomaji wangu, kwa sababu Germana naye alimwona. Jicho lile zima lilimtazama usoni, likashuka kwenye mkono, likarudi usoni. Hatua ishirini. Germana akaanza kutabasamu.

Metui hakukanyaga breki. Akatia gia, injini ikashika kwa mngurumo, na lori likaongeza mwendo.

Itaendelea.